Ukitaka Kumjua Mtu Wako, Nendeni Mkavue

Nitasema kitu hapa na najua kuna watu watanuna. Deti za mkahawani hazikufundishi chochote kuhusu mtu wako. Mnaingia pale mjini Kakamega, mnaagiza ugali na ingokho (sisi huku hata mapenzi lazima kuku ahusike), mnapiga picha nne: mbili za sahani, moja ya mkono wake, moja yenu wawili mkicheka kitu ambacho hakikuchekesha. Halafu kila mtu anainamia simu yake mpaka bili ije. Bili ikifika ndiyo mazungumzo ya kwanza ya maana yanaanza, na hayo huwa ya macho tu.

Na msiniletee habari ya bustani. Mji wetu una Muliro Gardens, na ukitaja jina hilo mbele ya Mkenya yeyote aliyekuwa na intaneti mwaka 2011, angalia tu uso wake. Tuendelee.

Mimi nasema hivi. Iwe mna miezi sita pamoja ama miaka kumi, iwe mlifunga harusi na keki ya ghorofa tatu ama mlianza tu kwa njoo-tukae, tafuteni jioni moja mwende mkavue samaki. Nyinyi wawili. Kila mtu na mshipi wake mkononi. Narudia hapo kwa sababu najua mtanielewa vibaya: kila mtu na mshipi wake. Sio mmoja anavua na mwingine ameshika tochi, mkoba na slipa za mwenzake.

"Sasa wewe mtu wa Kakamega, uvuvi umeutoa wapi?" Swali zuri. Kwetu maji yaliyo karibu ni mto Isiukhu, na mtoto akirudi nyumbani na samaki wa urefu wa kidole tunamshangilia kama ameleta nyangumi. Lakini wifi yangu anafanya kazi Kilifi, na Disemba iliyopita, wakati nusu ya Nairobi ilikuwa inapigania viti vya basi kuja magharibi, mimi na bwanangu tulipanda la kwenda kinyume. Kakamega mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Mombasa, Mombasa mpaka Kilifi. Nilifika miguu imevimba kama ya mama mkwe aliyesimama harusini siku mbili.

Siku ya tatu wifi akatutafutia mzee mmoja mvuvi mwenye hori, ule mtumbwi mdogo wa kuchongwa, akubali kututoa kidogo ndani ya mkono wa bahari pale Kilifi. Sio bahari kuu ya kwenye mawimbi. Ni pale ndani, maji yanapoingia kati ya vilima viwili na mikoko imesimama pembeni, unaliona daraja kwa juu. Tulimwamkia "shikamoo," akaitikia "marahaba," na nikajiona nimefanya mtihani wa darasa la nne, maana sisi wa bara shikamoo tunaijua kwa vitabu tu.

Mimi nilitaka twende saa kumi. Mwanga wa saa kumi na kitu ni mtamu kwa vidio, kila mtu anayeshika kamera anajua. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, halafu akasema maji yataanza kujaa saa kumi na moja, na samaki huingia na maji, hawaingii na simu. Tukangoja. Akatueleza kuwa hayo yalikuwa maji mafu, yale ya siku za mwezi nusu, yasiyo na nguvu sana, na kwamba wageni wa bara ni afadhali waanze na hayo. Mwezi ukiwa mpevu ama ukiwa mwandamo yanakuja maji ya bamvua, ambayo hupanda na kushuka karibu mita 4 upande huo wa pwani, na ukikaa vibaya yanakubeba na hori lako. Pia akasema tumebahatika kuja wakati wa kaskazi. Kusi ikivuma, hata wenyewe hupunguza mwendo.

Vifaa vyenyewe vitakuchekesha. Sisi tuliolelewa na filamu tunadhani kuvua ni fimbo ndefu yenye gurudumu linalolia. Hakuna. Ni uzi wa nailoni umezungushwa kwenye chupa ya plastiki, ndoano moja ama mbili, kipande cha risasi cha kuuzamisha, na chambo. Chambo chetu kilikuwa vipande vya kamba na ngisi kwenye mfuko wa unga. Unaachilia uzi mpaka risasi iguse chini, unauinua kidogo, halafu unaulaza juu ya kidole cha shahada. Kidole hicho ndicho kila kitu. Samaki akidonoa, unamsikia kwenye kidole kabla hujaona lolote.

Na hapo ndipo deti inapoanza kweli, kwa sababu huwezi kushika simu. Mkono mmoja una uzi, mwingine una harufu ya ngisi. Simu zetu zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, chini ya miguu ya mzee. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilikaa na huyu mtu saa moja na nusu bila yeyote kati yetu kutazama kioo.

Utajua mambo. Utajua mtu wako anakasirika vipi akishindwa na kitu kidogo. Dakika kumi za kwanza nyuzi zetu zilisokotana chini huko, na wangu alitaka kukata. Mzee akasema hakuna kukata, fungueni. Tukafungua, vichwa vimegusana, vidole vinateleza, yeye analaumu mkondo wa maji na mimi namlaumu yeye. Dakika ishirini nzima. Unajua wanandoa wangapi hawajawahi kufungua kitu pamoja dakika ishirini?

Halafu akanasa samaki. Kelele alizopiga zilifika darajani, nina hakika. Alipomtoa, yule samaki akaanza kujijaza tumbo, akawa mviringo kama mpira wa kuchezea watoto, meno nje, amekasirika kuliko sisi wote. Mzee hakucheka hata kidogo. "Huyo bunju. Mrudishe. Huyo ana sumu, ameua watu." Bwanangu, ambaye tayari alikuwa amempa bunju jina, akamrudisha majini kwa upole kama anamlaza mtoto.

Jua lilizama. Disemba kule linazama kama saa kumi na mbili na nusu, bila kukawia. Unageuka kuchukua chambo, ukiinua kichwa ni giza. Mwezi nusu ulikuwa juu, lakini kwenye kivuli cha mikoko, kila mzee alipotia kafi majini, maji yaliwaka vidoti vya samawati. Nilitaka kupiga kelele nikakumbuka samaki. Tulikaa kimya. Kimya cha mkahawani huwa kinauma, unaanza kujiuliza amekuchoka. Kimya cha kuvua ni sehemu ya kazi. Hakuna anayedaiwa neno.

Ni ndani ya kimya hicho alisema, macho yakiwa kwenye uzi: "Mkataba wangu hawataongeza. Januari siendi kazini."

Nikamuuliza amejua lini. Wiki tatu.

Sasa nifanyie hesabu. Ndani ya hizo wiki tatu tulikuwa tumetoka kwenda kula mara mbili, mezani, ana kwa ana, taa nzuri, muziki wa chini. Alikuwa na nafasi mbili. Na mara zote mbili bili alilipa yeye, akaacha na chenji.

Nilitaka kumgeukia nimwangalie vizuri. Lakini hori halitaki mtu ageuke ghafla, lilitikisika mara moja tu nikaelewa. Kwa hivyo nilibaki nimeangalia maji kama yeye, nikauliza, "Mama anajua?" Akasema hapana. Mzee nyuma yetu alikuwa anateka maji yaliyoingia horini kwa jerikani iliyokatwa, anateka polepole sana, kazi ya dakika moja akaifanya dakika tano. Wazee wanajua kutosikia. Halafu kidole changu kikavutwa, nikavuta na mimi, akaja changu wa ukubwa wa kiganja, na wote watatu tukaanza kuongea kwa pamoja kumhusu yeye.

Msinielewe kwamba bahari ni dawa. Ninachosema ni kwamba wanaume wengi wa huku kwetu, na wanawake pia tusijifanye, hawawezi kusema jambo zito wakiwa wameangaliwa usoni. Wamezoea kusema wakiwa wanafanya kitu: wakikata miwa, wakisukuma baiskeli, wakitembea kwenda Shinyalu kutazama fahali wakipigana. Sisi wa mjini tumewanyang'anya kitu cha kufanya, tukawaweka kwenye kiti mbele ya sahani, tukasema haya sasa, funguka. Afunguke vipi?

Turudi kwenye mshipi wangu, maana huo ndio uliozua maneno. Kabla hatujaondoka ufukweni kijana mmoja alimuuliza bwanangu, sio mimi, kama mke anaenda kupika huko hukohuko majini. Wakacheka wenzake. Na nyumbani Kakamega nilipoonyesha picha, shangazi mmoja alisema kitu hichohicho kwa maneno ya kanisa.

Wanasema kuvua ni kazi ya wanaume. Kwani pweza wa pwani nani amekuwa akimtafuta? Maji yakipwa, wanawake wamekuwa wakitembea juu ya miamba na kijiti mkononi wakimtoa pweza shimoni tangu zamani. Na jioni, samaki wa elfu nyingi ya Wakenya wa pwani amepita mikononi mwa mama karanga, yule anayenunua kwa mvuvi, anakaanga, anauza barabarani. Mwanamke yuko kila mahali kwenye samaki isipokuwa ndani ya chombo. Na mwenye chombo ndiye anayepanga bei.

Kama unadhani natia chumvi, njoo karibu na kwetu, ziwani. Kila mtu wa Nyanza na Magharibi anajua neno jaboya, hata kama haliongelewi mezani. Mwanamke anafika ufukweni na pesa zake kununua samaki, anaambiwa pesa hazitoshi, kuna malipo mengine ya mwili, la sivyo samaki atapewa mwingine. Sio hadithi ya bibi. Limechangia sana kusambaza Ukimwi kwenye fuo hizo. Pale Nduru, kaunti ya Kisumu, wanawake wakachoka. Kuanzia kama mwaka 2011 wakapata mashua zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakaajiri wanaume wa kuvua, na kikundi wakakiita No Sex for Fish, jina halizunguki mbuyu. Mwenye mashua akawa ndiye anayesema samaki ni wa nani. Halafu mafuriko ya 2020 yakaja, ziwa likameza makao na kazi. Nawataja kwa sababu watu hupenda kusema mambo ya mwanamke kushika chombo ni ya kizungu. Nduru sio Ulaya. Kutoka Kakamega unafika siku hiyohiyo na unarudi kulala.

Sasa linganisha na nyumba yetu ndogo. Kodi ya Januari nililipa mimi. Nasuka nywele, na hii kazi ya kuongea na nyinyi mtandaoni nayo huleta kitu, sio doo kubwa, lakini huleta. Kama ningekuwa nimeketi horini nimeshika tochi, maisha yangu yote yamening'inia kwenye uzi wa mwenzangu, ile sentensi yake ya gizani ingenizamisha. Na nadhani hata yeye asingeisema. Mtu anaficha wiki tatu kwa sababu anajua akikatika yeye tumekatika wote. Wasee, hiyo ndiyo siri ya huyu mwanaume "mtoaji" mnayempenda kwenye vidio. Amebeba na anaogopa. Na wewe binti wa miaka 19 unayesema humu ndani hutaki presha, unataka tu mtu wa kukulipia, nakuuliza: siku mkataba wake ukiisha, utajua lini?

Wavulana, msicheke, nanyi mna yenu. Kuna ile hadithi ya Nyamgondho wa Gwassi, kule Nyandiwa, ambayo jirani zetu Waluo wameisimulia vizazi. Mvuvi maskini. Siku moja akatoa ziwani mwanamke mzee, akamchukua nyumbani, na kuanzia hapo ng'ombe wakajaa boma. Alipokwisha kutajirika, akarudi usiku mmoja amelewa, akamtukana. Yule mwanamke akainuka, akatembea kurudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata mpaka majini. Yeye akabaki ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Watu husimulia hii kama onyo la pombe. Mimi naisikia tofauti. Huyu jamaa hakuwahi kujiuliza utajiri uliingia kwa mlango upi. Alidhani ameuvua peke yake.

Najua tayari kuna mtu anaandika, "Kilifi ni mbali, nauli unatoa wewe?" Sitoi. Lakini maji sio Kilifi tu. Kisumu iko kama kilomita 50 kutoka hapa, na Dunga kuna wavuvi watakaokupeleka mkikubaliana. Ni maji baridi, hakuna bunju, hakuna kujaa na kupwa, na badala yake kuna viboko, kwa hivyo usijifanye unajua kuliko mwenye mashua. Kuna Port Victoria kule Busia. Na vile vidimbwi vya samaki vilivyochimbwa nchi nzima kwa pesa za serikali kuanzia 2009, 200 kila eneo bunge lililochaguliwa, vingine huku kwetu vimebaki kwaya ya vyura, lakini vingine bado vina ngege na mwenyewe atakuachia uvue umlipe kwa kilo. Hiyo pia ni deti. Mshipi, ndoano na risasi vyetu havikufika shilingi 300 kwa watu wawili. Mzee tulimpa elfu moja na samaki wawili, akasema ni nyingi, tukabishana kidogo kwa adabu. Nyama choma ya wawili unajua bei yake.

Ukifika pwani, uliza kwanza. Kila ufuo una kamati yake ya wavuvi, wao huiita BMU, na hao ndio watakuambia wapi panafaa na nani wa kuaminika. Usitoe uzi ndani ya mbuga za baharini kama Watamu na Malindi. Hapo pametengwa tangu 1968 na kuvua ni marufuku kabisa, hata samaki mmoja wa picha. Samaki mdogo mrudishe. Usiyemjua usimshike kwa mkono mtupu, tafi peke yake ana miiba itakayokutoa machozi usiku kucha.

Sisi tulirudi na changu wanne na chaa wawili, ukiwatoa wale wa mzee. Changu watatu ni wangu. Wa nne alikuja wakati nyuzi zimegusana tena, na mpaka leo yeye anasema ni wake. Wifi aliwakaanga usiku huohuo, tukala kwa mkono tukiwa tumekaa sakafuni, na hapo ndipo bwanangu alimpigia mamake simu, mdomo bado una mafuta.

Na jaketi la kujiokoa, tafadhali. Mimi sijui kuogelea, na wengi wenu humu pia hamjui, tuliogelea Isiukhu pale maji yanafika magotini tukajiita wataalamu. Omba jaketi kabla hujalipa, livae, likaze kamba. Mtu wako akikuambia litaharibu picha, mwache ufukweni uende na mzee.